Baba Aliyemaliza Kunyoa

Nusu ya uso wake ilikuwa na povu, nusu ilikuwa imeshanyolewa. Mlango ukafunguliwa, mtu akaingia na kumwambia kwamba mwanawe ameanguka kutoka juu ya jengo linalojengwa, na hakuinuka tena. Sisi tuliobanana mbele ya televisheni, sebuleni kwetu mtaa wa Imbaba, Kairo, vikombe vya juisi ya aprikoti mikononi, tukasubiri kilio. Ramadhani ile tulikuwa tumeshawaona akina baba wengi wakijipiga vifua kwenye tamthilia. Huyu alikigeukia kioo, akavuta ngozi ya shavu kwa kidole, akamalizia nusu iliyobaki, taratibu, mpaka chini ya kidevu ambako wanaume hujikata. Kisha akasuuza wembe, akaufuta kwa taulo.

"Huyu ndiye," mama akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza mbele ya televisheni tangu msiba. Zamani majirani walibeba viti vyao kuja kwetu baada ya futari, kwa ajili ya tamthilia, lakini zaidi kwa ajili ya ulimi wa mama yangu, Bi Insaf. Alikuwa hakimu wa waigizaji wa jengo zima. "Huyo uso umepata habari, mabega bado," angesema, nawe ukiyatazama mabega unayaona kweli yamestarehe. Umm Sharbat wa ghorofa ya chini alipenda kumchokoza: "Insaf, wakikupa wewe tuzo za waigizaji ugawe, nusu ya Kairo watakosa kazi!" Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Kaka yangu Adham alifariki Januari, bafuni. Mama alikuwa jikoni anakaanga biringanya, anasikia maji yakimwagika, ameridhika kwamba mwanawe anaoga. Maji yalipozidi kumwagika aligonga mlango, akaita, akamkimbilia jirani aje auvunje. Gesi ya hita ya maji ilikuwa imeshamuua. Mama akafunga bomba, akamfunika mwanawe kwa taulo, kisha akarudi jikoni akageuza biringanya. Aligeuza zote. Alizitoa moja moja, akazipanga kwenye sahani, akazima jiko.

Jirani aliyevunja mlango aliona, akasimulia. Kwenye matanga wanawake walikunywa kahawa isiyo na sukari huku wakiyachungulia macho ya mama yaliyokuwa makavu, nikawasikia wakinong'onezana kwamba mama gani huyu, mtoto kalala sakafuni, yeye anakaanga. Niliwachukia wote. Lakini na mimi sikuelewa, mpaka nilipomwona yule mwigizaji akimalizia shavu lake.

Kesho yake mama akasema anataka kwenda kumpa pole.

Kwetu hilo si jambo la ajabu. Mwigizaji aliyefiwa kwenye tamthilia hupewa pole barabarani, na aliyecheza mama mkwe mbaya hutukanwa na muuza nyanya. Ila mama yangu hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Mama, ile ni tamthilia."

"Nimezeeka, sijapumbaa. Najua yule mtoto hajafa, saa hizi yuko mkahawani anavuta shisha. Lakini kunyoa vile mtu hafundishwi, Karima. Yule mwigizaji kazika kweli. Nataka nimuulize huzuni hii inaisha lini."

Tulienda sikukuu ya Idi, hadi jengo la mtaa wa Dokki alikokaa yule mwigizaji, Fikri Bahnasi. Bawabu akatupokea kwa kicheko. "Na nyinyi pole? Tangu asubuhi napandisha watu wa pole, utadhani humu ndani mna jeneza!" Kisha akaliona gauni jeusi la mama na uso uliokuwa juu yake, akatuitia lifti.

Fikri alifungua mlango mwenyewe, kanzu imembana tumboni, akatukaribisha kwa biskuti za Idi. Mama hakuzigusa.

"Ustadhi, ulimzika nani?"

Alilitazama lile gauni kwa muda. Nadhani alielewa yote.

"Mwanangu, Hajjat."

"Na inaisha?"

"Inaisha. Siku moja unaamka, unajikuta umecheka, hata hujui umechekea nini." Akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, macho yakamjaa machozi. Ilikuwa sauti ileile tuliyoipenda, na mimi nilijawa na furaha kiasi kwamba ningeweza kumbusu miguu. Mama akamwombea dua ndefu, akanyanyuka.

Nje watoto walikuwa wanalipua fataki.

"Umemsikia lakini, mama?"

"Nimemsikia. Hana mtoto yule. Hajazika hata paka."

"Mama!"

"Aliposema inaisha alikutazama wewe, kuona kama tumeamini. Siku ile ya kunyoa hakumtazama mtu." Akakaza mtandio wake. "Leo ameigiza. Tena vibaya."

"Sasa kunyoa kule alikutoa wapi?"

"Mungu ndiye ajuaye. Labda aliogopa kujikata tu."

Tulitembea kidogo. Nikamwambia kwamba yule bwana alimwonea huruma, hakuwa na nia mbaya.

"Najua. Mungu amlipe, ni mtu mwema." Alisimama katikati ya watu waliovaa nguo mpya za sikukuu. "Lakini sasa nimuulize nani?"

Njia nzima mpaka Imbaba nilitafuta jina la mtu, yeyote yule, nikawa naanza kulitaja kisha naliacha. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuniuliza tena.