Vitanda Vilivyonyooka vya Hobwick

Metroni Scupholme, mkuu wa wauguzi, alipenda vitu viwili hapa duniani: hospitali yetu ya Hobwick, na shuka isiyo na kunyanzi hata moja. Nilifanya kazi chini yake miaka tisa, akanitoa machozi mara nyingi tu, na mpaka leo sijaona mwanamke wa kumfikia.

Hospitali yenyewe ndogo, vitanda ishirini. Wenyeji wa pande zile za Lincolnshire, Uingereza, waliijenga kwa michango yao, miaka mingi kabla serikali haijazichukua hospitali zote. Enzi hizo wachangiaji walikuja kila mwaka kuitazama. Siku hiyo kila mgonjwa aliyeweza kusimama alipelekwa ukumbi wa kanisa, hapo jirani, akanywe chai na keki, ili wageni waikute wodi inang'aa na vitanda vimenyooka. Wakifurahi, walichanga zaidi. Serikali ilipoingia tukaendelea vilevile. Mgeni ni mgeni, tuliona.

Jumatatu moja barua ikaja kutoka kamati inayosimamia hospitali za wilaya yetu. Metroni aliisoma ofisini, nami nimesimama mbele yake na sinia la chai. Akaketi taratibu.

"Muriel, wanatufunga," akasema. "Eti vitanda kumi na vitatu havina watu. Wamekuja mara tatu, na mara tatu wamehesabu hivyohivyo."

"Lakini Metroni, si tulikuwa tumewapeleka wagonjwa kanisani kula keki!"

Alinitazama, kisha akatazama dirisha. Roho iliniuma. Usafi wetu ndio uliotuponza.

Alimpigia simu mwenyekiti wa kamati, Bwana Ashcombe, akamtajia daftari la wagonjwa. Jibu likawa kwamba daftari huandikwa na mtu, bali vitanda ameviona kwa macho yake mwenyewe. Metroni akaziba simu kwa kiganja.

"Mwambie aje sasa hivi," nikamnong'oneza.

"Leo? Siku ya kufua? Una wazimu, mtoto wewe?"

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka wodini Mzee Herbert Brackenbury, mkulima aliyelazwa mguu umening'inizwa juu, akapaza sauti: "Metroni! Mficha uchi hazai!"

"Nyamaza, Herbert! Mtu mzima umevunjika mguu ukimkimbia bata!"

"Bata bukini, mama. Ana hasira kama zako!"

Wodi nzima ikacheka. Metroni hakucheka. Alikiondoa kile kiganja, akasema kwenye simu, "Njoo leo, Bwana Ashcombe. Hatutaandaa kitu."

Saa moja baadaye gari likasimama nje. Shuka chafu zilikuwa zimerundikwa wodini, uji umemwagika mlangoni, watoto wachanga wawili wanashindana kulia. Metroni alikuwa akiwageuza wagonjwa vitandani tangu alfajiri na kofia yake imekwenda upande. Nikanyoosha mkono niiweke sawa, akaushika.

"Iache," akasema.

Bwana Ashcombe alipita polepole akihesabu kwa kidole. Alifika ishirini. Akageuka akaona vitanda viwili vya kukunja kwenye korido, navyo vina watu.

"Metroni, siku zote huwa hivi?"

Metroni aliiva uso kwa aibu mpaka masikioni. "Siku zote," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi.

"Na zile siku nilizokuja?"

"Tuliwatoa, ili upaone pazuri."

 Bwana Ashcombe akaomba arudishiwe ile barua yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Nitawaambia wenzangu tulihesabu vibaya," akasema, akavua kofia kumuaga.

Herbert alianza kupiga makofi, wodi ikafuata, hata mimi nikaweka chini ndoo ya kufutia uji nikapiga. Gari lilipoondoka Metroni akaniita ofisini, akafunga mlango, akalia kama mtoto. Nikamkumbatia, jambo ambalo hakuna nesi aliyewahi kuthubutu.

"Ni machozi ya furaha, Metroni. Lia tu, tumepona."

"Furaha gani?" akasema begani kwangu. "Ameona chombo cha haja chini ya kitanda cha Herbert, Muriel. Kimejaa."