Nyundo ya Marehemu Zvidzai

Tangu mama yake amzae, Tichaona hakuwahi kupigilia msumari ukaingia wima. Mtaa mzima wa Mkoba, pale Gweru, ulilijua hilo, na Mama Ropa alilijua kuliko wote, maana misumari aliyoipinda ilitoka kwenye kopo lake. Shemeji gani yule! Aliazima patasi, akafungulia kopo la rangi. Aliazima pimamaji, ikarudi imepasuka kioo, ati watoto waliipigia mpira. Akaazima drili atundike televisheni, akatoboa bomba la maji, nyumba ikajaa maji hadi uvunguni, naye kasimama juu ya kiti anapiga kelele.

"Drili yenu hii haina akili!"

"Wewe na akili mmekutana wapi, shemeji?" Mama Ropa alimjibu siku hiyo, huku amepiga magoti kwenye maji anafunga koki kwa spana.

Sasa mtu huyo ndiye aliyetaka kuirithi drili. Drili, grenda, misumeno, randa, jiliwa ya kubania mbao iliyofungwa kwenye meza ya kibanda cha vifaa, na mwisho kabisa, kama nafasi ingebaki, Mama Ropa mwenyewe.

Zvidzai, mumewe, alikuwa amemfundisha vifaa hivyo kimoja kimoja tangu walipooana. Ugonjwa ulipomlaza, Mama Ropa ndiye aliyebadilisha mabati ya jikoni, akarekebisha milango, akachonga kitanda cha mwanawe Ropafadzo. Bila kile kibanda, kila kitasa kilicholegea kingemfanya akapige hodi kwa mwanamume fulani amwombe. Hapo ndipo Tichaona alipotaka kumweka. Heri aezue mabati kwa meno!

Mwaka ulikuwa umepita tangu mazishi, na siku ya kugawa vitu vya marehemu ikafika. Desturi ni kwamba ndugu za marehemu wanakaa mkekani kwa mstari, mjane anapewa shoka la mumewe, anamkabidhi yule anayemtaka. Atakayelipokea ndiye mume, na vyote vya nyumba viko chini yake. Zvidzai hakuwa mtu wa shoka, kwa hiyo wazee wakasema itumike nyundo yake, ile yenye mpini aliouchonga mwenyewe. Mjane asiyetaka mwanamume yeyote pale ana mlango mmoja tu: anampa dada wa marehemu. Dada akiipokea, yeye ndiye anayehesabiwa mume, na mjane anaachwa kwa amani na watoto na vitu vyake. Dada akikataa, vitu vinagawanywa, drili kwa huyu, msumeno kwa yule, mpaka kibanda kibaki na buibui.

Na dada mwenyewe ndiye wifi Netsai! Tichaona alikuwa kitindamimba wao, yeye ndiye aliyembeba mgongoni na kumlisha uji, na mpaka leo akimtazama anamwona mtoto mzuri. Wiki iliyopita alimkuta Mama Ropa anatia tupa msumeno, akamwambia bila hata salamu:

"Usiniletee mimi hiyo nyundo. Ukiniletea, nitaiacha ianguke. Tichaona ana kasoro gani?"

Mama Ropa aliendelea kutia tupa. Jibu lilikuwepo, ila lingewakalisha pale mpaka magharibi.

Asubuhi ya siku yenyewe aliingia kibandani, akakuta sehemu ya drili ni tupu. Damu ikamchemka. Kitu cha marehemu hakiguswi kabla ya kugawanywa, hilo linajulikana hata na mlevi. Lakini akimtaja mwizi, wifi atasema anamsingizia kijana wa watu. Akafunga mlango, akaenda kukaa na wanawake.

Tichaona akaja amevaa suruali mpya yenye mstari wa pasi, na gari la kuazima ameliegesha kinyumenyume getini, tayari kupakia. Yaani hata haya hana! Akakaa mkekani katikati ya kaka zake wawili wa kijijini, watu wapole waliokuja kwa heshima tu, akaanza kuwatania wanawake.

"Leo naondoka na fundi wangu!"

"Fundi wa kazi gani wewe?" bibi mmoja akamrushia. "Choo chako mwenyewe kinafungwa kwa kamba."

Wakacheka, naye akacheka nao, maana kudharauliwa hakukumwingia kichwani kirahisi.

Pipa la pombe likaletwa. Netsai ndiye aliyeipika, siku baada ya siku, uani kwa Tichaona, na hakuna aliyempita kwa pombe ya matambiko. Mpwa wao, Garikai, ambaye ndiye msimamizi wa shughuli, akamimina kidogo chini kwa ajili ya wazee na Zvidzai, kisha akampa mpishi kikombe cha kwanza. Netsai akanywa. Akasimama na pombe mdomoni. Akaitema.

"Pombe yangu ina grisi," alisema. "Nani kaigusa?"

Tichaona, kifua mbele, akadakia:

"Ni mimi hapa, dada! Ulivyolala jana nikaikoroga. Mkono ukachoka, nikaunga mwiko kwenye drili ya kaka. Dakika mbili tu, imekolea yote! Watu wa zamani mlijitesa bure."

Aliangalia huku na huku akingoja sifa. Bibi yule akashika mdomo. Garikai akakiweka kikombe chini taratibu. Kaka zake wawili wakasogea pembeni mkekani, kila mmoja upande wake.

"Drili ya marehemu," Netsai alisema. "Kabla haijagawanywa. Ndani ya pombe ya marehemu."

"Dada, ni mashine tu..."

"Nyamaza."

Garikai akampa Mama Ropa nyundo. Aliushika mpini kwa mikono miwili, akaanza kupita mbele ya mstari. Kaka wa kwanza akainamisha kichwa, naye Mama Ropa akampita. Alipofika kwa Tichaona, mjinga yule akapiga makofi ya shukrani na kunyoosha mikono, bado anatabasamu.

"Shemeji," Mama Ropa alisema, na kila mtu akasikia, "hata msumari mmoja nisingekuachia."

Akampita, akampita na wa tatu, akaenda kupiga magoti mbele ya wifi yake. Netsai aliitazama nyundo, akamtazama mdogo wake, machozi yakamlengalenga, na kwa muda mrefu hakunyoosha mkono.

Kisha akaipokea.

"Haya," alisema kwa sauti kavu. "Mimi ndiye mume wa nyumba hii. Tichaona, irudishe drili ya mke wangu. Uifute kwanza."

"Dada, na gari je? Nimeshaliazima!"

"Lipakie pipa. Hiyo pombe utainywa wewe."

Vigelegele vikapasuka. Mama Ropa akainua uso, na hapo ndipo alipoona jinsi wifi alivyoishika nyundo: kakumbatia kichwa, mpini unaning'inia chini, kama mtu aliyebeba kuku aliyechinjwa. Angekuwa mwingine, angemcheka mpaka kesho.

Siku hiyo hakucheka. Alibaki amepiga magoti, akapiga makofi polepole, akasema, "Asante, baba."