Ukuta wa Plasta Kiotani

Mwewe walijenga kiota kwenye ukingo wa dirisha letu, nyuma ya kiyoyozi kilichokufa zamani. Sisi ndani tunatengeneza meno bandia, wao nje wakatengeneza watoto. Kila mtu na kazi yake.

Makinda walikuwa wawili. Mkubwa alimdonoa mdogo kichwani mpaka damu, na mama yao yupo hapo hapo, anachana panya, anatazama tu. Mkubwa akishiba, ndipo mdogo anapata utumbo, kama umebaki.

Mimi nina watoto pacha wa kiume. Kwangu hata yai hukatwa kwa kisu, nusu kwa nusu. Walipoanza kutoana ngeu chumbani, niliweka kabati katikati, amani ikapatikana. Kwa hiyo malezi nayajua.

"Yule mdogo wiki haimalizi," nilimwambia shemeji. Ni mdogo wa mume wangu, anang'arisha meno meza ya pili.

"Si afadhali? Ukoo wao ulimaliza vifaranga wa mama mkwe wako. Wewe shemeji uko upande gani?"

"Wa mwenye njaa."

Mama mwewe alipokwenda kuwinda, nilikoroga plasta, ile jasi ya kutolea umbo la meno, nikafinyanga kiukuta, kilipokauka nikakisimamisha katikati ya kiota. Mkubwa huku, mdogo kule. Nikampa mdogo nyama kwa kibano. Akameza bila kupumua. Nilijisifu kimoyomoyo.

Mama akarudi na panya, akaona ukuta, hakutua. Alizunguka, akakaa kwenye antena ya jengo la pili, akalia, akazunguka tena. Mchana ukapita hivyo. Nikaleta nyama nyingine, lakini mdogo hakuitazama. Alikuwa anausukuma ukuta kwa kichwa chake chenye vidonda, kuelekea kwa yule yule anayemdonoa.

"Anataka nini huko?" niliuliza.

"Joto, labda. Hata wanao juzi niliwakuta wamelala kitanda kimoja, upande mmoja wa kabati."

"Wangu?"

"Una wengine?"

Nikautoa ukuta. Mama mwewe alitua kabla sijavuta mkono, akanichana kidole. Kisha akamlisha mkubwa kwanza, kama kawaida. Mdogo akajibanza chini ya mbawa za kaka yake, akadonolewa, akatulia.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu nilifungua dirisha hata mkoba sijauweka chini. Kinda alikuwa mmoja.

Nilichungulia chini barabarani, hapakuwa na kitu. Nikamtazama huyu aliyebaki. Kinda wa mwewe hukua ukipepesa macho: amenona, manyoya yamechomoza na kufunika kichwa chote, kovu halionekani. Pacha wangu nawatofautisha kwa kikohozi, tena gizani. Huyu alinishinda.

"Ni yupi?" shemeji aliuliza, safari hii bila utani.

"Sijui."

"Sasa tumlilie nani?"

Nikasema tena sijui. Mama mwewe alifika na panya, akamchana, akamlisha aliyekuwepo, wala hakutazama pembeni kama kuna mwingine. Mimi nilibaki dirishani na minofu niliyoikata nyumbani kwa ajili ya mdogo, nisijue kama mdogo ndiye huyu ninayemtazama, au huyu ndiye aliyemmaliza.