Kiu ya Shamba la Nakijwa

Usiku wa kuamkia Jumanne, Nakijwa aliota shamba lake la maharage limesimama mlangoni na kupiga hodi.

Lilikuja hivyohivyo lilivyo, na matuta yake, na mimea yake ya masale ya mpakani, na lile jiwe la kona ya chini ambalo baba mkwe wake alishindwa kuling'oa mpaka anaingia kaburini. Nakijwa hakushangaa hata kidogo. Kilichomkera ni kwamba alikuwa ameshafagia, na shamba lilikuwa linadondosha udongo kizingitini.

"Karibu," alisema. "Pitia uani."

"Sikai," shamba lilisema. "Nimesikia umeazimisha zamu yangu."

Ilikuwa kweli. Huko kwao, milimani Upareni, maji ya kijito hulala ndivani, bwawa dogo la mawe na udongo. Alfajiri kizibo huchomolewa, na mwenye zamu huyashusha kwa mfereji hadi shambani kwake. Zamu ya Nakijwa ni Jumanne. Na kanuni ya ndiva, ambayo hata watoto wa chekechea wanaijua, ni kwamba zamu ni ya shamba, si ya mtu. Haiuzwi, haiazimwi. Lakini jana yake Senkondo, jirani wa upande wa juu mwenye tangawizi, alileta bati mpya, akazilaza nyuma ya nyumba, akaomba Jumanne zote za kiangazi kile. Jiko la Nakijwa linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Akasema, "Sawa, baba."

Maharage ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Yale ndiyo chakula cha Niwaeli, mwanawe wa kwanza, na wadogo zake mpaka vuli, hakuna kingine. Alijiambia yatavumilia. Mkulima anayejiambia kwamba maharage yenye maua yatavumilia kiu anajua fika kuwa anajidanganya, na Nakijwa si mgeni wa jembe.

"Nyumba inavuja," alijitetea.

"Na mimi napasuka." Shamba lilimwonyesha ufa katikati ya tuta. Ulikuwa mrefu, umeingia ndani. "Sawa, zamu umempa Senkondo. Kiu yangu umempa nani?"

Aliona aibu, ile aibu ya kukutwa na mgeni huku sufuria haina kitu.

"Basi twende tukaulize," shamba lilisema. Likageuka, likaanza kupanda kilima. Nakijwa akalifuata, kanga moja kiunoni, akiomba Mungu wasikutane na mtu wa kanisani.

Ndivani jua limesimama utosini na haliendi kokote. Maji yamejaa pomoni, yametulia. Kizibo, kile kigogo kilichoviringishwa magome ya mgomba, kimetoka kwenye tundu lake na kukaa kitini, na maji hayavuji kwa sababu hakuna aliyeyaruhusu.

"Shamba la nani?" kizibo kinauliza.

"Langu," anasema Nakijwa.

"Sikukuuliza wewe."

"Mimi ni la maharage," shamba linasema. "La Jumanne."

Kizibo kinapekua maji kwa kidole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye kapu la nguo. "Humu hamna Jumanne. Nina Jumatatu, nina Jumatano. Jumanne zenu zote zimepakiwa, ziko gulioni, zinasubiri lori la tangawizi."

"Zirudishe."

"Mimi kazi yangu ni kufunguka. Alfajiri nafunguka. Nikikuta Jumanne imerudi, maji yanakwenda kwenye maharage. Nisipoikuta, yanakwenda kwa Senkondo. Sina ugomvi na mtu, mama. Ila nikishafunguka nimefunguka, maji hayajui kurudi mlimani."

Nakijwa anageuka aanze kukimbia, na mguu wa kwanza tu unatua gulioni. Mizani inaning'inia kwenye mti, na kwenye ndoano yake kuna gunia la tangawizi. Lori limeshawashwa. Hakuna dereva, lakini linanguruma kwa kukosa subira.

"Shikamoo, mama," sauti inatoka ndani ya gunia.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni Jumanne yako ya maua. Huyu niliyebanana naye ni Jumanne ya kutunga maganda. Yule wa chini, asiyesema, ni Jumanne ya kujaza punje. Yeye ni mpole tangu zamani."

Nakijwa anaingiza mkono guniani. Anapapasa vipande vya tangawizi, baridi, vizito kwa maji. Anavitambua kimojakimoja kama anavyotambua vichwa vya wanawe gizani.

"Mnapelekwa wapi?"

"Mjini. Tunakwenda kuwa chai."

Anaigeukia mizani. "Humu ndani mna maharage yangu."

"Siyaoni," inasema mizani.

"Hayajazaliwa bado."

"Mimi napima kilichopo, mama. Hii ni tangawizi safi, nzito, yenye bei. Kile kilichokosekana ili hii iwepo sijawahi kukipima. Hata Senkondo hajawahi kuniomba, na ni mteja wangu wa siku nyingi."

Lori linaanza kusogea. Nakijwa anaking'ang'ania kinywa cha gunia, anaburutwa, magoti yanachubuka, vumbi linamwingia puani. Anaogopa sasa, anaogopa kweli, kwa sababu ameona mwezi wa tisa ulivyo: sufuria tupu, na Niwaeli akiwaambia wadogo zake walale mapema.

"Usinivute, mama, utanikata," inasema Jumanne ya maua. "Sisi kurudi ni rahisi tu. Senkondo alichukua zamu akaacha kiu. Kanuni hairuhusu. Anayebeba zamu abebe na kiu yake. Ukimpelekea, atatutua mwenyewe."

Mara wako ndivani tena, na jua limerudi nyuma ya mlima. Kunapambazuka. Kizibo kimeshaingia tunduni na kinaanza kujizungusha taratibu.

Shamba linapiga magoti. Linaingiza mkono kwenye ufa wake mpaka begani na kuitoa kiu. Ni kitu kikavu, kifupi, chenye adabu za watu waliolelewa.

"Shikamoo, mama," kiu inasema. "Naomba unielekeze kwa Bwana Senkondo."

Nakijwa anasita. Senkondo ndiye aliyebeba jeneza la baba mkwe wake kutoka barabarani, matope yakiwa magotini. Si mtu mbaya. Ana tamaa kidogo na tangawizi nyingi, basi.

"Hakuna mwingine wa kukupokea?"

"Yupo," inasema kiu. "Niwaeli. Ndiko nilikokuwa nakwenda."

Tone la kwanza linadondoka kutoka kwenye kizibo.

"Nyumba ya juu," Nakijwa anasema upesi. "Ile yenye paa jekundu. Usiwaguse watoto wake."

"Mimi ni ya shamba moja, natosha mtu mmoja," kiu inasema, na inaondoka kwa hatua ndogondogo, ikipita juu ya umande na kuukausha.

Nakijwa aliamka na jasho shingoni. Nje palikuwa na mwanga wa kwanza, na mtu alikuwa anapiga hodi.

Alikuwa Senkondo. Hakusalimia, yeye ambaye kwa kawaida husalimia hadi mbuzi.

"Mama Niwaeli, naomba maji ya kunywa."

Alimletea kata moja kutoka mtungini. Aliinywa bila kupumua, akairudisha. Akamletea ya pili, na ya tatu.

"Nyumbani nimemaliza ndoo," alisema. "Mke wangu anasema niende zahanati. Lakini miguu imenileta huku."

Nakijwa alimwangalia vizuri. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka katikati, ufa mmoja mrefu, na ndani ya ufa hapakuwa na damu. Palikuwa na udongo mwekundu, na kijiua cha haragwe kimenata hapo.

Alimwonea huruma, na hapohapo akaogopa asije akamwonea huruma kupita kiasi.

"Baba, bati zako ziko nyuma ya nyumba, sijazigusa," alisema. "Naomba uzichukue. Maji ya leo nakwenda kuyafungua mwenyewe."

Alitegemea ubishi. Senkondo aliinamisha tu kichwa, akaegemea nguzo ya mlango.

"Nenda," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nenda sasa hivi, mama. Limwagilie mpaka lishibe, nakuomba."