Korido ya Ghorofa ya Tatu

Mshonaji wa ghorofa ya tatu, ambaye wateja walimwita Mama Pindo, alikuwa akipunguza urefu wa suruali ya mteja aliposikia baridi miguuni. Alitazama chini ya mlango akaona mwanga mahali ambapo siku zote palikuwa na giza. Akamaliza upindo, akakata uzi kwa meno, kisha akafungua. Chumba cha mume na mke waliohama jana yake hakikuwepo. Walikuwa wamekwenda nacho.

Halikuwa jambo geni. Tangu kampuni iliponunua jengo na kuwataka wapangaji wahame ili pawe maegesho ya magari, kila aliyehama alihama na chumba chake. Mtu alipakia kitanda na masufuria kwenye gari, akaondoka, na kesho yake mahali pa chumba palikuwa hewa tupu. Waliobaki walilalamikia upepo. Vyumba vya chini vilikwisha kwanza, vya juu vikabaki vinaning'inia, kila kimoja mahali pake. Ngazi ziliondoka na mlinzi, na hakuna aliyeona ajabu, maana ni yeye aliyezifagia miaka yote.

Sasa vilibaki vyumba viwili tu, cha Mama Pindo na kile cha mwisho wa korido, cha mzee mmoja aliyeitwa Mzee Redio. Korido yenyewe haikuonekana tena.

Binti wa Mama Pindo alimpigia simu kila Jumapili.

"Mama, njoo ukae na sisi. Nafasi ipo."

"Nitakuja, mwanangu. Nina nguo za watu hapa."

Nguo za watu zilikuwepo kweli. Wateja walisimama chini wakaita, naye akawateremshia kikapu kwa kamba. Lakini si nguo zilizomzuia. Aliingia chumba kile akiwa bibi harusi, akamuuguza mumewe humo mpaka mwisho, na hakujua kama ataweza kulala mahali asipozijua sauti za mabomba. Afisa wa kampuni alikuja mara moja, akatazama juu, akamweleza kwa heshima kwamba chumba chake kinaning'inia kinyume cha sheria.

"Nimekusikia, baba," Mama Pindo alisema, akafunga dirisha.

Yeye na Mzee Redio hawakuwa wakisalimiana. Wiki ile mumewe alipozidiwa, mzee alifungulia taarifa ya habari kwa sauti iliyojaa korido nzima. Mama Pindo alikwenda akaugonga mlango wake kwa mpini wa ufagio, akamtolea maneno makali. Mzee akapunguza sauti. Msibani hakuonekana. Tangu hapo, wakipishana, kila mmoja alikuwa na funguo za kutafuta mfukoni.

Kuta za katikati zilipoondoka, redio ile ilimfikia Mama Pindo moja kwa moja. Alishona akiisikiliza. Hakumwambia mtu, lakini siku nyingine ndiyo pekee iliyosema neno ndani ya chumba chake.

Kisha redio ikanyamaza. Betri, alijiambia. Kesho yake ilikuwa kimya vilevile, na shati la mzee lilikuwa bado kwenye kamba dirishani, limenyeshewa. Aliita. Hakujibiwa.

Mama Pindo alijaza chai kwenye chupa, akafungua mlango wake. Chini kabisa magari yalikuwa yameanza kuegeshwa. Akashika fremu kwa mkono mmoja, akakaa hivyo muda, akifikiria kurudi ndani. Halafu akaweka mguu pale alipouweka kila siku. Korido ilikuwepo. Ilikuwa na ubaridi wa saruji, na mbele ya mahali pa wale mume na mke ufa wake ulikuwepo pia. Akauruka kama alivyozoea.

Aligonga kwa mkono.

"Karibu," sauti dhaifu ikasema.

Mzee alikuwa kitandani, homa imembana. Mama Pindo alimmiminia chai, akafungua dirisha, akaanua shati.

"Siku ile sikujua mgonjwa ana hali gani," mzee alisema alipokwisha kunywa. "Nilipojua, niliona aibu kuja."

"Na mimi niliona aibu kwa yale niliyoyasema."

"Basi pole sana, mama. Nimechelewa."

"Nimeshapoa."

Kisha mzee akamuuliza mbona hahami.

"Naogopa," alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu. "Na wewe?"

"Mimi mdogo wangu ananiita kwake kila siku. Sikutaka uamke ukute umebaki peke yako."

Siku mbili zilizofuata alikwenda na kurudi kwenye korido akimpelekea uji. Mzee alipoweza kusimama, Mama Pindo alimwambia binti yake kwamba anakuja, kisha akampigia simu mlinzi. Akaja na ngazi. Waliteremka polepole, mzee akiwa katikati yao.

Pale chini Mama Pindo alimuuliza mlinzi anakaa wapi siku hizi.

"Uwanjani, nyuma ya soko."

"Umepata chumba huko?"

"Sikuwahi kuwa na chumba, mama. Nilikuwa nalala chini ya ngazi. Kampuni walisema mimi si mpangaji, kwa hiyo mambo ya kuhama hayanihusu." Alizipangusa ngazi vumbi kwa kiganja. "Mvua ikinyesha najibanza chini yake."

Mama Pindo alikuwa amempita mtu huyu asubuhi na jioni, miaka yote ile, akimwitikia salamu bila kusimama. Akamwambia aje kwa binti yake. Mlinzi akacheka kidogo, akasema atafikiria, akaondoka na ngazi zake.

Mzee alikwenda kwa mdogo wake. Chumba cha Mama Pindo kilifika uani kwa binti yake siku ya pili, kikatua karibu na jiko, kimeinama upande. Mkwewe akakitilia mawe. Usiku mabomba ya huko yalitoa sauti asizozijua, na alilala vibaya.

Asubuhi alijifunga kanga akatoka. Alibisha hodi nyumba ya kwanza, akajitambulisha, akasema yeye ni mgeni hapa na anashona. Walimkaribisha kiti. Akawauliza kama wanajua mahali panapoweza kumpokea mwanamume mmoja, mtu safi, mwenye ngazi.

Waliuliza ngazi zenyewe zina urefu gani, naye akawaeleza. Walisikitika kweli. Mtu angepata pa kulala, walisema, lakini nafasi ya ngazi za namna hiyo hawakuwa nayo, na hawamjui aliye nayo.

Akawashukuru, akaenda nyumba ya pili.