Korido ya Kwenda kwa Mama

Saa ya mapumziko ya mchana ilipofika, Yusta alivua hedfoni, akapakua ugali na maharage kwenye sinia, akabana beseni la kunawia kwapani, akaning'iniza jagi la maji ya uvuguvugu kidoleni, akashika korido kwenda chumbani kwa mama yake. Alipofika alikuwa anahema, na ugali ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Hakulitilia maanani. Ulikuwa mwezi wa sita, na Uyole mwezi wa sita chai hupoa ukiwa bado unatafuta kijiko.

"Umekawia," alisema mama.

"Nimekuja moja kwa moja, mama."

Wakanawa, wakala.

Mama huyo, Bibi Verediana, aliletwa kutoka Igowole baada ya kiharusi kumlegeza mkono na mguu wa kushoto. Yusta aliacha kazi ya dukani huko Mbeya mjini, akatafuta nyingine ya kufanyia nyumbani, kusudi awe karibu naye. Kampuni ilikuwa Dar es Salaam, inauza taa za umeme wa jua, na kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu ambao taa zao zimegoma. Mshika mbili moja humponyoka, husema watu, lakini waliosema hivyo hawakuwa na intaneti sebuleni. Yusta aliona amezishika zote mbili barabara. Majirani walimwonea wivu, na wengine wakaanza kumwachia watoto na kuku, kwa kuwa yupo tu nyumbani.

Mwanzoni mama alikaa naye sebuleni, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Yusta alipokea simu, akasema kwa ile sauti ya kazini, laini kuliko yake ya siku zote, "Habari za asubuhi, nikusaidie nini?" Mama, aliyekuwa akiota jua dirishani, akajibu, "Nzuri, mwanangu. Nipe maji." Ikawa hivyo kila simu. Hakuwa amechanganyikiwa. Alilelewa kwamba ukisalimiwa ndani ya nyumba unaitikia, na ndani ya nyumba ile watu walikuwa wawili. Wateja wakazisikia haja zake zote: maji, shuka, kupelekwa msalani.

Msimamizi aliitwa Eveline, mwanamke mpole aliyeonekana kwenye kompyuta kuanzia mabegani kwenda juu. "Yusta mpenzi," alisema, "mteja hapaswi kuisikia nyumba. Aisikie kampuni tu."

Yusta akamhamishia mama chumba cha mwisho. Nyumba nayo ilitii, korido ikaanza kurefuka.

Ilirefuka saa za kazi, jioni ikarudi. Baadaye haikurudi tena. Kwa nje nyumba ilibaki ileile, bati lilelile. Mwenye nyumba, mzee Sosthenes, aliingia kukagua, akatoka baada ya kitambo kirefu viatu vikiwa na vumbi, akasema ukuta hauna ufa, na balbu za kuongeza ni juu ya mpangaji. Katikati ya korido palikuwa na baridi kuliko kwingine, na asubuhi ukungu ulilala pale mpaka jua lilipopanda. Yusta alizoea kuvaa sweta la pili. Kalinga, dereva wa bodaboda pale kijiweni, alikubali kumpakia. Aliegesha sebuleni, na njiani alipiga honi kwenye kona, ingawa zamani korido haikuwa na kona.

Hata kwa pikipiki, mapumziko yalitosha kufika na kugeuza tu. Kwenye kompyuta palikuwa na kitone cha kijani kilichogeuka chekundu kila Yusta alipochelewa kitini, na kila kilipogeuka Eveline aliandika, kwa upole uleule, "Upo?"

Tatizo ni kwamba Bibi Verediana hakula peke yake. Kwao Igowole aliyepika hunawa pamoja na anayelishwa, beseni moja, ndipo tonge la kwanza limegwe. Chakula cha kusukumiwa na kuachiwa alikiita chakula cha mtu aliyekatiwa tamaa. Yusta alipolitua sinia na kugeuka hapohapo, mama alilifunika. Ikupa, jirani aliyeuza viazi sokoni, alipita uani kumsalimu kwenye nondo za dirisha, zilizobana kiasi cha kutopitisha hata sahani, akaona vyakula vimepangana vimefunikwa.

"Mama, ule basi," alisema Ikupa. "Utaisha hivi hivi."

"Nimeshanawa," alijibu mama. "Namngoja mwenzangu."

Jioni, kazi ikiisha, Yusta alifika na wakala pamoja, cha mchana na cha jioni, lakini tumbo la mzee halipokei viwili kwa mpigo. Gauni likaanza kumzidi mwili. Yusta aliona, na ilimuuma. Alilia ndani ya korido, kwenye ule ukungu, mahali ambapo hakuna wa kumwona, akajifuta uso kabla ya kutokea upande wowote.

Akaomba mapumziko yaongezwe. Eveline alisikiliza habari yote, korido na ukungu wake, akasema anamwelewa kabisa. Wengine pia nyumba zao zilikuwa zinawasumbua, na mmoja wa Morogoro jiko lake lilikuwa limehamia ng'ambo ya mto. Mapumziko ni yaleyale kwa wote, alisema, ili pasiwe na upendeleo.

Jumamosi moja mama alisema, "Nirudishe Igowole."

"Nani atakutazama?"

"Mdogo wangu yupo. Ukipanda basi asubuhi, unashuka Nyololo, unachukua gari dogo, mchana tunanawa. Hapa hunifikii, Yusta. Igowole ni karibu."

Yusta alizilinganisha kimoyomoyo njia hizo mbili, akaona mama anasema kweli. Maishani mwake hakuna neno lililowahi kumchoma kama hilo. Akampigia mama mdogo simu.

Jumapili mama mdogo alikuja kumchukua dada yake. Kalinga alimtoa mgonjwa kwa pikipiki, Ikupa amekaa nyuma amemshikilia, na walipotokea sebuleni nguo zao zilikuwa na umande. Yusta aliwasindikiza kituoni, na basi lilipoondoka alirudi ndani akakuta korido ni hatua chache. Kutoka kwenye kiti cha kazi aliuona mlango wa chumba cha mwisho, na kitanda kimetandikwa. Kalinga alichungulia, akaona hakuna tena pa kupitisha pikipiki, akaenda zake kijiweni.

Kesho yake Yusta aliomba siku za kwenda Igowole. Eveline alifurahi kwa dhati kusikia mama amefika salama. Akafungua ratiba.

"Ulikuwa umesamehewa zamu ya jioni kwa ajili ya mama," alisema. "Kwa kuwa sasa hayupo, nimekurudishia. Unaanza leo. Hizo siku tutaziangalia mwakani."

"Asante, dada Eveline," alisema Yusta, maana mtu akikuambia jambo kwa upole hivyo, mdomo hushukuru kabla ya moyo kusikia.

Jioni ndipo watu huwasha taa, na ndipo taa hugoma. Simu ziliingia mfululizo. Alikuwa anamalizana na mteja wa Mbarali pale simu yake ya mkononi ilipoita. Alikuwa mama mdogo.

"Yusta, mama yako amegoma kula. Nimepika mwenyewe, nimeshika beseni mwenyewe, hataki. Anasema unakuja."

"Mwambie ale, mama mdogo. Mwambie leo siji."

Maneno yakapelekwa. Yusta alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni.

"Nimemwambia," alisema mama mdogo. "Anasema hapa ni karibu, utafika tu. Ameshanawa."

Kwenye hedfoni mteja aliyefuata, wa Tukuyu, alikuwa tayari anaeleza. Yusta hakukata simu ya Igowole. Aliilaza mezani, akamwomba mteja aanze upya, taratibu, tangu pale taa ilipozimika.