Wadau na Wale wa Benchi la Nyuma

Kaka yangu ndiye aliyekuwa akimwandikia hotuba mwenyekiti wa kamati ya Bunge, na Mama alizijua sentensi zake kama anavyojua shuka zake kwenye kamba ya jirani. Redio ikisoma hotuba, yeye hupunguza moto jikoni na kusema, "Hiyo ya mwanangu."

Siku ya kusikiliza maoni kuhusu mashine za kusaga kokoto, Mama alivaa gauni lake la harusi za watu. Yeye na majirani walitaka sheria izisogeze mashine mbali na nyumba, maana vumbi lilishamfanya Baba ashindwe hata kupanda ngazi bila kukohoa. Hakumwambia kaka kwamba atakuja. Alitaka kumshtukiza, kumbe wa kushtuka ni yeye.

Wenye mashine walikaa mbele, kila mmoja na kadi ya MDAU kifuani. Bila kadi, huzungumzi. Mimi, Mama na majirani tulipewa benchi la nyuma.

"Tutawasikiliza wadau," mwenyekiti alisoma. "Hatutayumbishwa na makundi yenye maslahi binafsi."

Mama alitabasamu, maana hiyo "hatutayumbishwa" ilikuwa ya kaka kabisa. Kisha akaniinamia.

"Makundi yenye maslahi ndiyo sisi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wenye mashine?"

"Wadau."

"Kwani wao hawana maslahi?"

Kusema kweli, nilitamani kumrushia mtu kiatu.

Kaka alikuwa nyuma ya mwenyekiti. Aliinua macho, akamwona Mama na miwani yake mkononi, akayashusha. Neno moja kwenye sikio la bosi wake lingetosha kutupatia kadi. Hakulisema. Kamati ikawaunga mkono wadau, mashine zikabaki pale pale, na mpaka leo roho inaniuma.

Jioni kaka alikuja nyumbani, hata viatu hakuvua.

"Nisamehe, Mama. Ni lugha ya kazini tu, kila mtu anaitumia. Nilipoiandika sikujua ni nyinyi."

"Ungejua, ungetuitaje?"

Chumba cha pili Baba akaanza kukohoa, kile kikohozi kisichojua kuisha. Kaka akainuka haraka kwenda kwake, lakini Mama alishatangulia na kikombe cha maji.

"Wewe kaa, mwanangu," alisema. "Haya ni maslahi yetu binafsi."